Al-Hasan bin Al-Haytham: Maisha Yake na Somo Lake kwa Vijana Wetu

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), twapenda safari hii kuwaeleza ndugu zetu, na khasa vijana, maisha ya mwanachuoni mmoja wa Kiislamu ambaye jina lake wengi wamelisikia, lakini kazi yake ni wachache walioijua. Naye ni Abu Ali Al-Hasan bin Al-Haytham, mtu wa Basra, ambaye Wazungu walimwita Alhazen.

Lililotusukuma kumwandika ni swali ambalo vijana hutuuliza mara kwa mara katika darsa zetu. Kijana amesoma Qur'ani na fiqhi, na shuleni amesoma hisabati na sayansi. Moyo wake wapenda kufungua mitambo, kuunda chombo, na kujaribu jambo ambalo halijapata kujaribiwa. Kisha husikia kwa baadhi ya wakubwa wake kwamba kila jipya ni bidaa, na kwamba mwenye kushika dini yamtosha yale aliyoyakuta. Basi hubaki kati ya mawili: ama aiweke kando akili aliyopewa na Mola wake ili aonekane mtu wa dini, ama aiweke kando dini ili aonekane mtu wa elimu. Yote mawili ni khasara, wala hapana lililomlazimisha kuchagua mojawapo. Maisha ya Ibn Al-Haytham ni jawabu ya swali hili.

BIDAA NI IPI?

Kabla ya kuyaeleza maisha yake yatupasa tuondoe utata wa neno lenyewe. Bidaa iliyokatazwa ni kuzua katika dini: mtu kuongeza ibada ambayo Mtume hakuifundisha, au kuleta itikadi isiyo na asili. Hapo mlango umefungwa, kwani dini imekwisha kamilika. Ama mambo ya kilimo, ujenzi, usafiri, tiba na ufundi, asili yake ni halali mpaka ije dalili ya kuharamisha.

Mtume (S.A.W.) aliwakuta watu wa Madina wakichukua vumbi la maua ya mtende dume na kulitia katika mtende jike. Alitoa rai yake, nao wakaacha kufanya hivyo, na mavuno ya mwaka ule yakapungua. Hapo akawafahamisha kwamba katika mambo kama hayo ya dunia yao, wao ndio wenye ujuzi zaidi. Na katika mwaka wa 5 wa Hijra, makabila yalipoungana kuja kuivamia Madina, Salman Al-Farisi alitoa shauri la kuchimba khandaq, jambo ambalo Waarabu hawakuwa wakilitumia katika vita vyao. Mtume hakulikataa kwa kuwa ni jipya, wala kwa kuwa limetoka kwa Waajemi. Alilikubali, akaingia mwenyewe kuchimba pamoja na Masahaba zake. Sisi Waswahili hata leo twasema handaki, na neno hilo latokana na neno hilo hilo la Kiarabu.

Basi uzushi katika dini ni jambo moja, na uvumbuzi katika mambo ya dunia ni jambo jingine. Mwenye kuyachanganya mawili haya huwadhulumu vijana, na huidhulumu dini pia.

KUZALIWA KWAKE NA MASOMO YAKE

Ibn Al-Haytham alizaliwa Basra kiasi cha mwaka 354 wa Hijra, sawa na mwaka 965. Basra si mji mgeni katika masikio ya watu wa Pwani, kwani majahazi ya Ghuba yaliyokuwa yakija kwa kaskazi yalileta tende zake mpaka Lamu na Mombasa. Zama zile ulikuwa mji wa biashara na wa elimu: mji wa wataalamu wa nahau, wa fiqhi, na wa wafasiri wa Qur'ani.

Zaidi ya miaka 100 kabla ya kuzaliwa kwake, Waislamu wa Baghdad walikuwa wamekwisha kuvifasiri kwa Kiarabu vitabu vya Wayunani: vya Euclid katika hisabati ya maumbo, vya Ptolemy katika nyota, vya Galen katika tiba, na vya Aristotle katika mambo ya maumbile. Hawakuogopa kuvisoma kwa kuwa wenyewe si Waislamu. Walivipima, wakachukua lenye kufaa na kuacha lisilofaa. Ibn Al-Haytham alikulia katika hazina hiyo. Alisoma vitabu hivyo, akaviandikia sherehe na mukhtasari, na akashika khasa hisabati, elimu ya nyota, na elimu ya nuru na kuona. Vitabu na risala zake zitajwazo na waandishi wa tarikh ni zipatazo 90, nyingine kubwa na nyingine za kurasa chache. Mojawapo yaeleza namna ya kuujua upande wa kibla kwa hisabu, nayo ni dalili kwamba kwake yeye hisabu na sala hazikuwa maadui.

SAFARI YA MISRI NA JAMBO LA MTO NILI

Mwandishi wa tarikh Ibn Al-Qifti, aliyekufa mwaka 1248, amesimulia kwamba Ibn Al-Haytham alipata kusema kuwa lau angekuwa Misri, angeufanyia Mto Nili kazi ambayo ingewanufaisha watu katika kujaa kwake na katika kupungua kwake. Neno hili halikuwa dogo. Maisha ya Misri yote yalitegemea mto ule: ukijaa kupita kiasi huharibu, na usipojaa huleta njaa. Khabari zikamfikia Al-Hakim, mtawala wa dola ya Kifatimiyya, aliyetawala tangu mwaka 996 mpaka mwaka 1021. Alimpelekea mali na kumwita, na alipofika, mtawala mwenyewe alitoka nje ya mji wa Cairo kumlaki.

Akapewa mafundi na watu wa kazi, wakaufuata mto kuelekea kusini mpaka mahali paitwapo Al-Janadil, karibu na Aswan, ambapo maji huteremka kati ya majabali. Njiani aliyaona majengo ya watu wa kale wa Misri, yaliyojengwa kwa vipimo vilivyo sawa na kwa ustadi wa ajabu. Alipoyatazama na kupatazama mahali penyewe, alijua kwamba alilolikusudia haliwezekani kwa zana alizokuwa nazo. Aliona kuwa lau lingewezekana, watu wale wenye ujuzi kiasi kile wangekwisha kulifanya. Akarudi Cairo, akasimama mbele ya mtawala, akamweleza kuwa ameshindwa.

Twaomba vijana wasimame kidogo katika kisa hiki, maana kina mafunzo mawili. La kwanza ni ukweli wake. Mtu aliyepewa mali na heshima na kupokewa njiani kama mgeni wa daula angeweza kuficha. Angeweza kuanza ujenzi akijua kuwa hautasimama, akala mali ya watu miaka kumi, kisha akalaumu mafuriko. Hakufanya hivyo. Alisema kweli mbele ya mtu ambaye ghadhabu yake ilikuwa ikiogopwa na mawaziri. Fundi asiyeweza kusema kuwa ameshindwa haaminiki hata anaposema kuwa ameweza.

La pili ni katika sababu aliyoitoa. Kwamba waliotangulia hawakulifanya jambo si dalili kuwa haliwezekani. Mwaka 1902, zaidi ya miaka 850 baada ya kufa kwake, lilimalizika bwawa la kwanza la Aswan. Na mwaka 1970 likamalizika Bwawa Kuu, lenye ukuta wa kiasi cha mita 111 kwenda juu, karibu na pale pale alipofika yeye. Fikra yake haikuwa ya upuuzi. Ilikuja kabla ya wakati wake, nayo ilingojea zana na watu. Asidharauliwe basi kijana ambaye jambo lake limeshindikana leo, kwani huenda limeshindikana kwa upungufu wa chuma na wala si kwa upungufu wa akili.

KUFUNGWA KWAKE, NA KAZI YA MIKONO YAKE

Al-Hakim alimpa kazi katika diwani za serikali, naye akaishika kwa khofu, kwani mtawala yule alikuwa mwepesi wa kumwaga damu. Ibn Al-Qifti asimulia kwamba hakuona njia ya kuokoka ila kujifanya amerukwa na akili. Mali yake ikashikwa, naye akazuiliwa nyumbani mpaka Al-Hakim alipotoweka mwaka 1021, na hapo ndipo alipojidhihirisha kuwa ni mzima. Wako wataalamu wa siku hizi wenye kuisita sehemu hii ya kisa. Bali liwalo lote, jambo moja laonekana wazi, nalo ni kwamba karibu ya wafalme hakupata raha, na wala hakuirudia karibu hiyo.

Alikaa karibu na mlango wa msikiti wa Al-Azhar, akala kwa kazi ya mikono yake. Kila mwaka akinakili vitabu vya hisabati na vya nyota, navyo ni kitabu cha Euclid, kitabu kikubwa cha Ptolemy, na vile vitabu vilivyokuwa vikisomwa kati ya hivyo viwili. Akiviuza kwa dinari 150, na hizo zikimtosha mwaka mzima. Wakati uliosalia ulikuwa wa ibada, wa kusomesha na wa kuandika.

Tazameni, enyi vijana. Mtu ambaye Ulaya ilimsoma karne kwa karne alikuwa mnakili wa vitabu. Hakungojea cheo ndipo afikiri. Hakungojea serikali imjengee nyumba ya utafiti. Kazi yake ilikuwa halali na ndogo, na fikra yake ilikuwa kubwa, na hiyo ndogo ndiyo iliyoilisha hiyo kubwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

JICHO NA NURU

Sasa tueleze jambo lililomfanya ajulikane. Wakuu wa hisabati wa Kiyunani, Euclid na Ptolemy, waliamini kwamba jicho hutoa mwali wake lenyewe, ukaenda ukakigusa kitu, na hivyo ndivyo mtu aonavyo. Rai hii ilikaa karne nyingi, nayo ilikuwa na hisabu nzuri, na waliokuwa wakiishika walikuwa watu wakubwa.

Ibn Al-Haytham hakuikubali kwa ukubwa wao wala hakuikataa kwa ukafiri wao. Aliuliza: mbona mtu akilitazama jua jicho lauma? Mbona akiutazama mwanga mkali kisha akageuka mahali penye giza, huendelea kuuona umbo lake kwa muda? Hayo yaonyesha kwamba iko athari itokayo nje ikaingia ndani ya jicho. Nuru ndiyo iendayo. Hutoka katika jua au taa, hupiga juu ya vitu, na kutoka katika kila sehemu ya kitu huenea kila upande kwa mistari iliyonyoka, na ile inayoingia jichoni ndiyo sababu ya kuona.

Wala hakutosheka na hoja. Alijaribu. Neno alilolitumia kwa majaribio ni i'tibar, nalo ndilo asili ya neno letu itibari, ambalo kwetu lina maana ya kuaminika. Na hakika alichokijaribu mtu kwa uangalifu ndicho kistahilicho kuaminiwa. Alichukua bomba lililonyoka na mti wa kupimia, akaonyesha kwamba jicho haliwezi kuona ila kwa mstari ulionyoka. Akachukua chumba chenye giza chenye tundu katika mlango wake, akaweka taa kadhaa nje, kila moja mahali pake, zote zikielekea lile tundu. Ndani ya chumba zikaonekana alama za nuru ukutani kwa hisabu ya zile taa, kila alama ikielekeana na taa yake. Alipoifunika taa moja, alama yake peke yake ilitoweka, na alipoifunua ilirudi mahali pake. Kwa hivyo alijua kwamba nuru za taa zote zapita katika tundu moja dogo wala hazichanganyiki, kila moja hushika njia yake.

Haya, ni zana gani alizozitumia? Taa, mlango na tundu. Hapana nyumba ya Mwislamu katika Mji wa Kale wa Mombasa, wala katika vichochoro vya Lamu, isiyoweza kuwa na vitu hivyo. Kijana na afunge madirisha ya chumba wakati wa mchana, aache tundu dogo kuelekea njiani penye jua, na auelekeze uso wake kwenye ukuta mweupe ulio mkabala. Ataiona njia na watu wake ukutani, vichwa chini na miguu juu. Sababu ni kuwa nuru itokayo juu, ikipita tunduni kwa mstari ulionyoka, hushuka chini. Na itokayo chini hupanda juu. Na ajue kwamba neno kamera, litajwalo leo na kila mwenye simu mkononi, asili yake katika Kilatini ni chumba, kwani kamera ya kwanza ilikuwa chumba chenye giza. Vijana wetu hupiga picha mamia kwa siku kwa kitu ambacho mmoja katika waliouweka msingi wa elimu yake alikuwa Mwislamu wa Basra aliyekaa katika chumba chenye giza akihesabu alama za taa.

RISALA YA KUPATWA KWA JUA

Katika risala zake nyingine imo moja juu ya umbo la jua linapopatwa. Aliangalia kwamba jua likiwa limepatwa sehemu yake, nuru yake ikipita katika tundu dogo, huanguka katika umbo la hilali. Na tundu likiwa kubwa, umbo hilo halionekani. Akalieleza jambo hili kwa hisabu. Waliokuwa chini ya miti tarehe 3 Novemba 2013, jua lilipopatwa hapa Kenya, waliweza kuziona hilali hizo zimetapakaa ardhini, kwani nafasi zilizo baina ya majani huwa ni matundu.

Hapa twapenda kuwakumbusha ndugu zetu jambo la sira. Katika mwaka wa 10 wa Hijra Mtume (S.A.W.) alifiliwa na mwanawe Ibrahim, na siku hiyo hiyo jua likapatwa. Watu wakasema kuwa jua limepatwa kwa ajili ya kifo kile. Mtu mwongo angelifurahia neno hilo, kwani lamtukuza. Mtume alilikanusha, akawafundisha kuwa jua na mwezi ni ishara za Mungu, havipatwi kwa kufa wala kwa kuzaliwa kwa mtu, na akawaamrisha sala. Basi sala ni haki yake, na uchunguzi ni haki yake. Mwenye kusali sala ya kusufu kisha akaketi kuchunguza umbo la nuru hakutoka katika dini, bali ameshika ncha zote mbili za kamba. Aliyetoka katika mafundisho hayo ni yule mwenye kupiga debe ili kumfukuza mnyama anayedhani kuwa amelimeza jua.

KUWAHESHIMU WAKUBWA SI KUWAFUATA KWA UPOFU

Ibn Al-Haytham alikula miaka mingi kwa kunakili kitabu cha Ptolemy. Ndiye yeye aliyeandika kitabu kizima cha kueleza yale anayoyatilia shaka katika maneno ya Ptolemy, akionyesha mahali ambapo mwanachuoni yule aliweka misingi kisha akaivunja mwenyewe katika kueleza miendo ya sayari. Katika kitabu hicho alifundisha kwamba heshima ya mtu haifanyi neno lake kuwa kweli, kwamba wanavyuoni si maasumu, na kwamba mtafutaji wa haki yampasa aishuku hata nafsi yake anapohukumu, asije akawaonea au akawapendelea wengine.

Jambo hili ndilo sisi tulilokuwa tukilisema katika dini: taqlidi ya upofu ni maradhi. Na maradhi yale yale huingia katika elimu ya dunia. Kijana ambaye madrasani amezoeshwa kukariri bila ya kufahamu, na shuleni akazoeshwa kukariri bila ya kujaribu, atakuwa mnakili tu. Na tofauti yake na Ibn Al-Haytham ni kwamba yule alinakili kwa mkono huku akili yake ikipima kila mstari. Bali tutahadhari pia upande wa pili. Yeye hakuanza kwa kupinga. Alianza kwa kusoma mpaka akakijua kitabu cha mtu kuliko wengi walio wafuasi wake, ndipo akakikosoa, tena kwa dalili. Mwenye kupinga kabla ya kusoma si mvumbuzi, ni mbishi.

KUFA KWAKE, NA KITABU CHAKE KILIKOENDA

Alikufa Cairo kiasi cha mwaka 430 wa Hijra, sawa na mwaka 1039 au baada yake kidogo. Mungu amrehemu. Kitabu chake kikubwa, Kitabul Manadhir, kina juzuu 7. Ndani yake alieleza kuona kwa moja kwa moja, kuona kwa vioo, na kupindika kwa nuru ipitapo katika maji na katika kioo. Humo limo swali gumu la kioo cha mviringo: ukijua mahali pa jicho na mahali pa kitu, ni nukta gani ya kioo ambayo nuru huruka ikalifikia jicho? Alilifumbua kwa hisabati ya maumbo, na wataalamu wa Ulaya wa karne ya 17, akiwamo Christiaan Huygens, walikuwa wangali wakilishughulikia kwa jina lake.

Miongoni mwa Waislamu alipatikana mmoja aliyekishika kitabu hiki kama kistahilivyo, naye ni Kamaluddin Al-Farisi, aliyekufa kiasi cha mwaka 1319. Alikisherehesha, akakosoa baadhi ya mahali, kisha akachukua tufe la kioo akalijaza maji liwe mfano wa tone la mvua, akalichunguza katika chumba chenye giza, na kwa njia hiyo akaeleza namna upinde wa mvua unavyotokea. Huyo ndiye mwanafunzi wa kweli: alikipokea chombo cha mwalimu akakifikisha bandari nyingine.

Huko Ulaya kitabu kilifasiriwa kwa Kilatini kiasi cha mwaka 1200. Roger Bacon wa Uingereza alikisoma na kukitegemea. Mwaka 1572 kilipigwa chapa katika mji wa Basel, na mwaka 1604 Johannes Kepler, akijenga juu ya elimu hiyo, alieleza namna sura ya kitu inavyochoreka ndani ya jicho. Ama maandiko yenyewe ya Kiarabu, juzuu zake tatu za kwanza zilipigwa chapa na kusahihishwa Kuwait mwaka 1983. Hisabuni wenyewe: tangu 1572 mpaka 1983 ni miaka 411. Wenye kitabu walikiacha katika makabati miaka 411 baada ya wageni kukisambaza.

Na si kwamba Waislamu walikosa watu. Katika mji wa Istanbul, Taqiyuddin bin Maaruf, mtaalamu wa nyota, wa saa na wa elimu ya nuru, alijengewa nyumba ya kuangalia nyota iliyomalizika mwaka 1577. Mwaka 1580 ilibomolewa kwa amri ya Sultani yule yule aliyeijenga. Wakati ule ule, huko Denmark, Tycho Brahe alikuwa akikaa katika nyumba yake ya nyota aliyojengewa na mfalme wake, akiandika hisabu ambazo Kepler alizirithi. Watu hawarudi nyuma kwa kukosa akili. Hurudi nyuma kwa kuwavunja moyo wenye akili.

Mwaka 2015, ulioadhimishwa duniani kuwa Mwaka wa Nuru, mataifa yalimkumbuka Ibn Al-Haytham na kazi yake ya miaka 1,000. Waislamu wengi walifurahi. Kufurahi si vibaya. Ila babu aliyekufa hamlishi mjukuu kwa sifa, na kujigamba kwa waliotangulia bila ya kufanya kama wao ni ushahidi juu yetu, si ushahidi wetu.

LITUPASALO SISI

Watu wa Pwani si wageni wa uvumbuzi. Wazee wetu wa visiwa vya Lamu waliunda mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila ya msumari, kikavuka bahari na shehena yake. Hawakuuliza kama ni bidaa. Walisema Bismillahi wakashona. Na katika miaka ya mwisho ya 1940 ulianza mpango wa chuo cha MIOME hapa Mombasa, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na wengineo, kwa kusudi la kuwafundisha vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki ufundi na uhandisi. Chuo hicho ndicho kilichokuwa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa mwaka 2013. Mlango ulifunguliwa, basi tusiwe watu wa kupita mbele yake tukienda barazani.

Kwa wazazi twasema: mtoto anayevunja saa ili aone kilichomo ndani si mharibifu mpaka mtake kumfanya hivyo. Mpeni saa mbovu na bisibisi, na mmtake aeleze alichokiona.

Kwa walimu wa madrasa twasema: wanavyuoni wetu wamekubaliana kwamba elimu ambayo umma hauwezi kukaa bila yake ni faradhi ya kutosheleza, akipatikana wa kuitimiza wengine husamehewa, na asipopatikana wote hupata dhambi. Iwapo mji wa Waislamu hauna tabibu, wala muhandisi, wala mwenye kujua kuyasafisha maji ya visima vyake vilivyoingia chumvi, dhambi hiyo si ya vijana peke yao. Ni yetu sisi tuliowafundisha sharti za udhu tusiwafundishe kuyatafuta maji.

Na kwenu nyinyi vijana twasema: uvumbuzi ni amana, nao una sharti zake. Nia iwe ni kuwafaa waja wa Mungu, maana kilichovumbuliwa kwa dhulma au kwa kueneza uchafu hakina baraka hata kikileta mali. Someni kwanza, tena kwa bidii. Jaribuni kwa mikono yenu, msitosheke na maneno ya kitabu wala ya simu. Mkishindwa, semeni tumeshindwa na mwandike sababu yake, ili atakayekuja aanze pale mlipoachia. Na mkifaulu msiseme ni kwa akili yetu, kwani nuru mliyoichunguza hamkuiumba nyinyi, na jicho mliloichunguzia mmepewa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Al-Hasan bin Al-Haytham, na awatoe katika watoto wa Pwani hii watu wenye sala na wenye kipimo, wenye kumcha Mungu na wenye kuwafaa watu. Wabillahi tawfiq.